Pumzi ya Kushoto

Kwa miaka thelathini na moja Tu Lamei alivuka Mto Yangtze mara kumi na mbili kwa siku na hakulowa hata kisigino. Alikuwa mtupa kamba wa feri ya Wuchang kwenda Hankou: mwanamke mfupi, mpana wa mabega, aliyesimama ubavuni mwa chombo akirusha kamba nene kwa mkono wa kulia na kuwafokea wenye baiskeli wasubiri lango lifunguliwe. Watu wa gati walisema sauti yake hufika ng'ambo kabla ya feri. Alipostaafu, nahodha alimzawadia birika la chai na kumwambia kwamba sasa mto nao utapata usingizi.

Mto ulipata usingizi kweli. Ila sauti ilihamia nyumbani, ghorofa ya nne, kwenye jengo lisilo na lifti, ikamkuta mumewe.

Mumewe, Xiong Hansheng, naye alikuwa mtu wa mto, ila yeye alikuwa ndani ya maji wakati mkewe yuko juu. Fundi wa kuchomelea vyuma, mrefu, mwembamba. Kwa miaka arobaini, joto na baridi, alishuka kila asubuhi ngazi za mawe za Hanyangmen, upande wa Wuchang, pamoja na wenzake, na kila Julai alivuka mto mzima hadi Hanyang kwa mtindo huru, taratibu, bila kurusha maji ovyo, kama mtu anayekwenda dukani kununua sigara. Waliomwona walisema yule haogelei, anatembea amelala. Kisha majira ya vuli yaliyopita moyo wake ukagoma. Daktari akamtia vijichuma viwili kwenye mishipa, naye aliyechomelea vyuma maisha yake yote sasa vyuma vikawa ndani yake. Kutembea ruksa, daktari akasema, ngazi ruksa, mto marufuku.

Hansheng hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha Lamei. Alirudi kutoka hospitali, akaweka kiti kwenye roshani inayotazama ukuta wa jengo la jirani, akakaa. Miezi sita alikaa. Wenzake wakija kumjulia hali, analala. Akitumwa sokoni, anazunguka mitaa mitatu ili asiuone mto. Chakula alikula, dawa alimeza, lakini maneno yalimwisha, yakabaki matatu tu: ndiyo, hapana, na acha tu. Lamei, aliyezoea kugombana na mtu anayejibu, alijikuta anagombana na kabati. Alimpenda mzee wake na alimwogopea, na aliona wazi kwamba moyo umetengenezwa lakini mwenyewe hajarudi.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa nne, akiwa anamenya vitunguu saumu, akasema, "Baba Jing, mwaka huu mimi ndiye nitakayevuka."

Hansheng akageuza shingo kidogo. "Kwa feri?"

"Kwa mikono yangu. Mtindo huru. Na timu ya mzee Gan."

"Mama Jing, samaki mkunje angali mbichi. Wewe ulishakauka zamani."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu mwaka mpya, na Lamei hakuyaacha yapoe. "Tupatane basi. Nikitoka majini pale Nan'anzui, ng'ambo, kwa miguu yangu, wewe unaacha hicho kiti na kuja mtoni kila asubuhi. Hutaingia majini. Utakaa ngazini, utakunywa chai, utabishana na wenzako. Nikishindwa, sikusumbui tena mpaka nife."

Hansheng akalitafuna hilo la mwisho. "Hunisumbui tena kabisa?"

"Kabisa."

"Nimekubali," akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulionekana kuwa na matumaini ya jambo.

Alikuwa na haki ya kutumaini. Kuogelea kwa Lamei kulikuwa kule kwa mbwa: kichwa juu, mikono inakwaruza chini, na mdomo unaendelea na maongezi. Hakuna aliyewahi kumwona ameuzamisha uso, kwa sababu uso ukiwa ndani ya maji mtu hawezi kusema. Na mto ule hauvukwi kwa maongezi. Nan'anzui ni ncha nyembamba ya Hanyang, pale Mto Han unapomwaga maji yake. Mkondo unakuchukua kwenda chini tangu hatua ya kwanza, hivyo ni lazima ulenge juu, kuelekea darajani, uogelee kwa kasi isiyokatika, na mkondo wenyewe ukushushe mpaka kwenye ngazi. Ukichelewa kidogo, unaziona ngazi zinapita. Mto Han unakusukuma nje, unaenda kutokea Hankou, na huko anayekupokea ni wauza maji tu, tena wanakucheka.

Mzee Gan, kiongozi wa timu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyependa kuitwa kamanda, alimpokea Lamei bila swali. Aliyeuliza maswali ni Nie Chunzhi, jirani wa ghorofa ya pili, mwanamke aliyekwisha kuvuka mara tisa na ambaye hakumruhusu mtu asahau.

"Dada Lamei, umekunywa kiasi gani leo?" alimuuliza wiki ya kwanza, wakitoka kwenye maji ya kina kifupi.

"Nusu ya mto. Nusu nyingine nimekuachia wewe."

"Pumzi ndiyo inakuponza. Chukua beseni nyumbani, tia maji, jifunze humo kwanza. Wote tulianzia kwenye beseni."

Jioni ile Lamei akaweka beseni juu ya meza ya jikoni. Akavuta pumzi, akabana, akazamisha uso. Mashavu yakavimba. Akainuka anatweta, akazamisha tena, akainuka mwekundu zaidi. Mara ya tatu akasikia kiti kinakwaruza roshanini. Hansheng alikuwa amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyeona mwanafunzi anachomelea bati bila miwani.

"Hiyo pumzi unaizuia ya nini?"

"Si ndiyo kuogelea? Unabana, unatoka, unavuta."

"Ukitoka hivyo una kazi mbili, kutoa ya zamani na kuvuta mpya, na nafasi uliyonayo ni ya kazi moja. Ya zamani itoe humo humo majini, polepole, kwa mdomo na pua. Uso ukitoka, unavuta tu."

"Nikiitoa inaisha."

"Iishe. Nyingine iko hapo juu, haina mwenyewe."

Lamei alijaribu. Alitoa povu moja dogo, akabana tena. Mwili wake haukukubali kutoa kitu bila kujua utalipwa lini. Hansheng akakuna kidevu.

"Sema," akamwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote. Hujawahi kukosa. Semea majini. Anayesema anatoa pumzi, hana ujanja."

Lamei akazamisha uso na kufungulia. Beseni likachemka, maji yakaruka hadi kwenye kopo la chumvi. Aliinuka ametulia, akavuta hewa, akarudi kusema. Mara nne mfululizo, na mara ya nne hakutweta kabisa.

"Umesema nini humo?" Hansheng akauliza.

"Nimekutukana. Wewe, kiti chako, na huo ukuta unaoutazama."

"Mara zote nne?"

"Ya nne nimemtukana daktari."

Hansheng akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kama bawaba iliyokaa bila mafuta, lakini kilikuwa cha kwanza tangu vuli. Lamei akarudisha uso ndani ya beseni upesi, maana machozi yalimtoka na hakutaka yaonekane.

Kuanzia siku hiyo mwalimu akapatikana, hata kama mwenyewe hakukubali kuitwa hivyo. Lamei alirudi kutoka mtoni kila asubuhi na malalamiko yake, na Hansheng aliyarekebisha mezani, kati ya bakuli la tambi za ufuta na kikombe cha uji wa choroko. Anainua kichwa kuvuta hewa? Kosa. Kichwa hakiinuki, kinaviringika pamoja na bega. Sikio moja libaki limelala majini, jicho moja ndani, jicho moja nje. Mdomo nao haufunguki wote, unapinda pembeni.

"Unapinda vipi?"

"Kama Chunzhi anapotaka kukwambia habari ya mtu aliyeko mbele yake."

Hilo Lamei alilielewa mara moja, na siku ya pili yake alivuta hewa mara ishirini bila kuonja mto. Hansheng akamfundisha pia kwamba kichwa kinapokwenda mbele huacha bonde dogo la maji pembeni, na hewa iko humo bondeni, chini kuliko unavyodhani. Asiyejua hilo huinua shingo kuitafuta mbinguni. Mikono mitatu, vuta. Mitatu mingine, vuta upande wa pili.

Hapo kwenye upande wa pili ndipo kazi ilipokwama. Miaka thelathini na moja ya kurusha kamba ilikuwa imeifundisha shingo yake njia moja tu, ya kulia. Kushoto iligoma. Na ukivuka kutoka Wuchang, kushoto ndiko juu ya mto, ndiko liliko daraja na mnara wa televisheni juu ya Kilima cha Kobe, alama unazolenga. Kulia kuna Hankou.

"Ukivuta kulia peke yake unaitazama Hankou njia nzima," Hansheng alimwambia. "Na anayeitazama Hankou hufika Hankou."

Kesho yake Lamei alikuta vitu vimehamishwa nyumbani. Televisheni ilikuwa kushoto mwa meza. Birika kushoto. Na Hansheng mwenyewe alikuwa ameketi kushoto kwake, akatangaza kwamba kuanzia sasa ataongea kutoka huko huko, na hatajibiwa kama mtu amegeuza mwili mzima: shingo na bega tu. Lamei akitaka ugomvi, na alitaka kila siku, ilimlazimu aufuate kushoto. Chunzhi alipopanda kuomba siki na kuwakuta wawili wale wameketi wamebanana upande mmoja wa meza, mmoja amepinda shingo, aliuliza:

"Mmegombana?"

"Tunafanya mazoezi," Hansheng akajibu.

Chunzhi akashuka na siki yake, na kabla ya chakula cha mchana jengo zima lilijua.

Mwezi wa sita Lamei alifaulu jaribio la kamanda Gan katika Ziwa la Mashariki, saa nzima bila kushika boya. Shingo ilikuwa imekubali. Hansheng naye alikuwa anasema tena, anabisha tena, ameomba hata kuongezewa pilipili. Lakini mazoezi yakiisha alirudi kwenye kiti chake roshanini, na mtoni hakukanyaga. Maneno yalirudi, miguu haikurudi. Lamei alipomwomba aje atazame mara moja tu, alisema alichokubali ni Nan'anzui, na Nan'anzui bado.

Jumapili ile ya Julai jua lilichomoza likiwa tayari na hasira. Lamei alisimama kwenye ngazi za Hanyangmen na wenzake sita, nguo na kandambili zake zimefungwa ndani ya lile boya la rangi ya chungwa wanalolifunga kiunoni, ambalo wenyewe huliita mfuata-makalio. Hansheng alikuwa amemuaga kwa sentensi moja bila kuinuka: "Usiwe na haraka mwanzoni."

Aliingia majini. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, wa vuguvugu juu na wa baridi magotini, na ulimshika mara moja kama mtu anayekuvuta mkono sokoni. Moja, mbili, tatu, vuta kushoto: daraja. Moja, mbili, tatu, vuta kulia: kofia nyekundu ya Chunzhi. Chini ya maji aliongea. Alianza na nahodha na birika lake. Kisha mwenye baiskeli aliyemkanyaga mguu mwaka wa tisini na nne. Kisha mama mkwe, Mungu amrehemu, aliyesema siku ya harusi kwamba bi harusi ana mabega ya hamali. Mapovu yalipita masikioni mwake, na pumzi ilitoka na kuingia bila yeye kuiwaza. Alikuwa na furaha. Miaka yote ile aliutazama mto huu kutoka juu akidhani anaujua, kumbe alikuwa anajua paa tu.

Katikati, meli ya mchanga ikapita upande wa juu na mawimbi yake yakaja kumpiga kofi la kushoto. Alimeza moja. Hakuinua kichwa. Alivuta kulia mara mbili, akaviringika kushoto mara moja kuangalia: daraja bado kubwa, mnara bado mbele. Hansheng alikuwa amemwambia hivyo hivyo, wimbi likija kutoka upande mmoja, kopa hewa upande mwingine, lakini usiache kuchungulia. Meli ikaenda zake. Kamanda Gan, aliyekuwa nyuma kidogo kumlinda, alimwona amerudi kwenye mikono mitatu mitatu akatikisa kichwa kwa heshima.

Ngazi za Nan'anzui zikaonekana. Mita mia. Mita sitini. Chunzhi alikuwa amekwisha kushika jiwe. Mita arobaini zilibaki, na mkondo ulikuwa unamshusha sawasawa alivyopiga hesabu, kama feri inavyoshushwa kwenye gati. Lamei alivuta pumzi ya kushoto.

Pale ukingoni, juu kidogo ya ngazi, kati ya watu waliovaa chupi za kuogelea, alisimama mtu mrefu, mwembamba, aliyevaa shati na kofia ya majani.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Kabla hajawaza lolote Lamei aliinua kichwa chote nje ya maji na kuita, "Baba Jing!" kwa ile sauti ya gati. Walioko Hanyang walisikia, na walioko Hankou pia. Lakini mdomo uliofunguka kwa kuita ulifungwa na mto. Miguu ikazama, boya likaja na kumgonga kisogoni, akakohoa, akakohoa tena, na alipoipata pumzi yake na kuweka uso chini, ngazi zilikuwa kushoto kwake, kisha nyuma yake. Maji ya kijani ya Mto Han yakamsukuma nje kwa upole, kama mlinzi anayekwambia ofisi imefungwa.

"Usipigane nayo, dada," kamanda Gan alimwambia, akija ubavuni. "Twende tu Hankou. Mimi mwenyewe nimefika huko mara nne."

Alitoka majini Hankou salama, kwa miguu yake, ila miguu ilikuwa imekosea mji. Alikaa kwenye ngazi akijikausha. Nusu saa baadaye Hansheng akatokea, ametembea daraja lote la Mto Han juani, shati limegandia mgongoni. Akaketi kushoto kwake.

"Nimeshindwa," Lamei akasema. "Ahadi ni ahadi. Sikusumbui tena."

"Umekula?" Hansheng akauliza.

Walikula tambi, wakapanda feri kurudi nyumbani. Kijana wa kamba alimwamkia Lamei kwa heshima, naye akaitikia kwa kichwa tu. Jioni nzima alitimiza neno lake. Alipika akanyamaza, akaosha vyombo akanyamaza, hakusema lolote hata Hansheng alipoacha bomba linadondoka. Nyumba ilikuwa kimya hata ukasikia friji. Mara mbili Hansheng alitokeza kichwa kutoka roshanini kuangalia kama mkewe yupo. Lamei alilala na uchungu moyoni, maana mita arobaini, mita arobaini tu, zilikuwa zimemrudisha mzee wake kwenye ule ukuta.

Alipoamka saa kumi na mbili, kitanda upande wa pili kilikuwa kitupu. Kiti cha roshani kilikuwa kitupu. Kandambili za Hansheng hazikuwepo mlangoni. Mtu aliyefungiwa mto miezi tisa, jana akauona kwa karibu, leo ametoka bila kuaga. Lamei alishuka ghorofa nne bila kushika ukuta, akavuka barabara na nguo za kulalia, na alipofika ngazi za Hanyangmen alikuwa anatweta kama siku ya kwanza ya beseni.

Hansheng alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu, pakavu, kikombe cha chai mkononi. Chunzhi na wazee wengine walikuwa majini mbele yake, nao hawakuwa na raha, maana alikuwa anamwambia Chunzhi kwamba mara zote tisa alivuka akiwa amekunja kiuno kama uduvi, na kwamba nyakati zile alinyamaza kwa adabu tu.

Alimwona mkewe. "Umechelewa," akasema. "Ingia. Mita arobaini zako za mwisho za jana ni aibu."

Lamei alishika kifua mpaka sauti ikapatikana. "Si nilishindwa? Si tulipatana?"

"Tulipatana kwamba wewe hutanisumbua," Hansheng akasema, akamsogezea miwani ya kuogelea. "Kwamba mimi nisikusumbue, hilo hatukupatana."